Tamthilia za Vita, Kanda ya Babu na Sarufi ya Kikeya

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi tamthilia za vita za televisheni zinavyokutana na kumbukumbu za kivita zilizohifadhiwa katika familia, na nafasi ya lugha katika makutano hayo. Mara nyingi husemwa kwamba tamthilia za aina hii huwaamsha watu waulize habari za wazee wao. Hilo ni kweli, wala sina nia ya kulipinga. Ninalokusudia kuonyesha ni kwamba tamthilia huja na umbo la vita lililokwisha kukamilika, na kwamba kumbukumbu ya familia ni rahisi kumiminwa katika umbo hilo, hasa ikiwa imehifadhiwa katika lugha ambayo warithi wake hawaijui sawasawa.

Lugha ninayoikusudia ni Kikeya, yaani Kiswahili cha askari wa King's African Rifles. Mfano nitakaoutumia ni wa nyumbani kwetu. Sikuuchagua kwa kuwa babu yangu alikuwa mtu mashuhuri, maana hakuwa. Nimeuchagua kwa sababu ushahidi wote wa kisa hiki ninao: kanda ya sauti, daftari la shule, na maneno yaliyokuwa yamekusudiwa kuchorwa juu ya kaburi.

2. Tamthilia na watazamaji wake

Tamthilia iliyoanzisha mambo haya ni Band of Brothers, iliyoonyeshwa kwanza nchini Marekani mwaka 2001 kwa sehemu kumi. Inawafuata askari wa kombania moja ya jeshi la miavuli la Marekani tangu mafunzo yao, kupitia kuruka kwao Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, hata mwisho wa vita katika Ulaya. Sehemu zake nyingi zinatanguliwa na wazee wanaosimulia habari za ujana wao wakiwa vitani, na majina yao hayatajwi mpaka sehemu ya mwisho. Kwa hiyo mtazamaji huanza kwa kuona nyuso za wazee wasio na majina, na kila mtazamaji mwenye babu aliyekuwa askari huweza kuuweka uso wa babu yake pale.

Niliitazama tamthilia hiyo nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya pili. Baadaye niliitazama The Pacific ya mwaka 2010, inayohusu askari wa majini wa Marekani waliopigana na Wajapani visiwani. Katika zote mbili nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja, nami nilijua kwamba sitamwona. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, naye alipigana Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Tamthilia hizo mbili hazifiki huko.

Burma haikosekani kabisa katika picha za vita. Katika The World at War, mfululizo wa Uingereza wa sehemu 26 ulioonyeshwa mwaka 1973 na 1974, kuna sehemu nzima inayohusu vita hivyo, ingawa huo ulikuwa mkusanyo wa picha halisi na mahojiano, haukuwa tamthilia. Na mapema zaidi, mwaka 1945, kampuni moja ya Hollywood ilitoa sinema iitwayo Objective, Burma!, inayowaonyesha Wamarekani wakishuka Burma kwa miavuli. Waingereza walikasirika sana kwa kuwa askari wao, waliokuwa wengi zaidi huko, hawakuonekana, na sinema hiyo ikaondolewa katika majumba ya London, isirudi ila mwaka 1952. Jambo hili lafaa likumbukwe. Waingereza walijua vizuri uchungu wa mtu anayetazama picha ya vita alivyopigana asijione ndani yake. Lakini katika malalamiko yao askari wa Afrika hawakuwa na nafasi kubwa.

Niliporudi nyumbani nilimletea baba mkubwa diski za Band of Brothers kama zawadi. Alizitazama siku mbili mfululizo. Walipofika mahali pa kuruka kutoka ndegeni, alisimamisha picha akasema, "Mwanangu, hivi ndivyo baba alivyosema. Na imeandikwa." Kisha akaenda chumbani akaleta daftari.

3. Askari wa Keya katika Burma

Kabla ya kulifungua daftari hilo, yafaa tukumbushane historia kwa ufupi. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Mashariki, Uganda na Afrika ya Kati. Herufi za jina lake, K.A.R., zikageuka kinywani mwa watu zikawa Keya, na jina hilo likamshika askari mwenyewe, kama vile jeshi la wapagazi la vita vya 1914 hadi 1918, Carrier Corps, lilivyotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya watu laki tatu wa Afrika ya Mashariki na Nyasaland waliingizwa jeshini, na kati yao karibu laki moja walitoka Kenya.

Baada ya kampeni ya Habeshi ya mwaka 1941, divisheni mpya iliundwa mwaka 1943, ndiyo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ikapelekwa Ceylon kwa mafunzo. Safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu wapatao 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Katikati ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 iliingia vitani chini ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim. Kazi yake ilikuwa kuteremka katika bonde la Kabaw, wakati wa masika, kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal. Bonde hilo lilikuwa na sifa mbaya kwa malaria na homa nyingine. Barabara ziligeuka matope, magari yakakwama, na kwa muda mrefu askari walitegemea chakula na risasi zilizotupwa na ndege. Vitu vingine vilishushwa kwa miavuli, na vingine, hasa magunia, vilitupwa hivi hivi kutoka chini chini. Divisheni iliingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944, na tarehe 10 ya mwezi huo wahandisi wakamaliza daraja la chuma la futi 1,154 juu ya mto Chindwin, refu kuliko madaraja yote ya namna yake wakati huo.

Msomaji azingatie jambo moja. Divisheni hii ilikuwa ya askari wa miguu. Miavuli katika bonde la Kabaw ilikuwa ya mizigo.

4. Lugha ya Kikeya

Askari hawa walitoka katika makabila mengi, na lugha yao ya pamoja, katika vikosi vingi, ilikuwa Kiswahili. Lakini hakikuwa Kiswahili cha Mombasa wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha gwaride na kambi, kilichofinyangwa na maofisa wa Kiingereza waliojifunza haraka, na askari wa bara waliokuwa na lugha zao za kwanza, na Wasudani wa vikosi vya awali ambao walileta pamoja nao maneno kama afande, lenye asili ya Kituruki. Wakati huo huo wataalamu walikuwa wakisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikisimamia vitabu vya shule. Basi mambo mawili yalikwenda sambamba: shuleni sarufi ilikuwa ikikazwa, na kambini ilikuwa ikilegezwa.

Tabia za Kikeya zinajulikana. Upatanisho wa ngeli hupotea. Neno "hapana" hutumika kwa kila ukanushi, na "iko" kwa kila hali ya kuwapo. Neno "ingine" hutumika kwa watu na vitu sawasawa. Lakini tabia inayohusu makala haya ni moja: kitenzi huachwa bila kiambishi cha nafsi, kikabaki na "na-" peke yake. Keya husema "mimi nakwenda", "yeye nakwenda", "gari nakwenda".

Hapa ndipo penye mtego. Katika Kiswahili sanifu neno "nashuka" lina nafsi ndani yake: ni "ni" na "a" zilizoungana, na maana yake ni "mimi nashuka". Katika Kikeya neno hilo hilo halina nafsi. Anayeshuka aweza kuwa mimi, wewe, yeye, ndege au gunia. Umbo ni moja, sarufi ni mbili. Mtu aliyefunzwa shuleni akilisikia atasikia "mimi" hata kama msemaji hakukusudia.

Fasihi yetu haikukosa vita. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika Mrima, na Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu, juu ya vita hivi hivi vya 1939 hadi 1945. Kazi hizo ni za lugha iliyochujwa. Askari wengine walioandika habari zao, kama Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo Burma kabla ya kuitwa Jenerali China, tumewasoma kwa Kiingereza. Kikeya chenyewe kilibaki vinywani mwa wazee.

5. Kanda na daftari

Mwezi wa Desemba 1984 shangazi yangu, aliyekuwa akisomea ualimu, alikuja nyumbani likizo na redio ya kaseti. Alimketisha babu chini ya mwembe akamwuliza habari za vita. Kanda ina urefu wa dakika arobaini hivi. Babu anaanza kwa Kikamba, lakini akifika melini anakiacha, na tangu hapo ni Kikeya mpaka mwisho, hata anapomjibu binti yake anayemwuliza kwa Kikamba. Sidhani kwamba alikuwa akijionyesha. Mambo yale yalimpata katika lugha ile.

Baadaye shangazi aliyanukuu maneno hayo katika daftari. Kwa kuwa alikuwa mwalimu mwanafunzi, na kwa heshima ya baba yake, aliyasahihisha. Kanda ikasahauliwa katika sanduku, daftari likabaki, na babu akafariki miaka mitano baadaye. Haya ndiyo maneno ya daftari, kama baba mkubwa alivyonisomea jioni ile mbele ya televisheni:

"Hapakuwa na njia. Magari yalizama. Ndege zilikuja, tukala, nikashuka na mwavuli, tukaokota vitu. Mwingine hakuwa na mwavuli. Nikamwua mtu huyo."

Nilivutiwa kama yeye. Askari wa mwavuli, babu yetu! Baba mkubwa alikuwa na nia ya kulijengea kaburi upya, na jiwe lilikuwa limekwisha agizwa. Maneno aliyoyatunga yalimtaja babu kuwa askari wa miavuli aliyemwua adui Bama. Aliniomba jambo moja tu, nimtazamie Kiswahili chake kama ni safi.

Kiswahili kilikuwa safi, nami nilikaribia kumwambia hivyo. Lakini sentensi moja ya daftari ilinisumbua. Mtu anashukaje na mwavuli baada ya kula, kisha anaokota? Nikamwomba shangazi kanda. Tuliipata, ikasafishwa, nami nikaisikiliza mara nyingi. Maneno ya babu mahali hapo ni haya:

"Njia hapana. Gari nazama. Ndege nakuja, kula nashuka na mwavuli, sisi naokota. Ingine hapana mwavuli. Naua mtu."

6. Hoja za kuamua maana

Maneno haya yaweza kusomwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ya daftari. Namna ya pili ni hii: hapakuwa na njia, magari yalizama matopeni, ndege zilikuja, chakula kikashuka kwa miavuli, nasi tukakiokota, mizigo mingine haikuwa na miavuli, ikaua mtu. Tofauti si ya mapambo. Katika usomaji wa kwanza babu aliua mtu. Katika usomaji wa pili mtu aliuawa mbele ya babu, na gunia. Nina hoja tatu za kuuchagua usomaji wa pili.

Hoja ya kwanza ni ya sarufi. Katika kanda nzima, kila babu anapojitaja mwenyewe hutamka "mimi": "mimi naugua", "mimi nabeba bren", "mimi naona mto". Sikupata mahali ambapo kitenzi kisicho na "mimi" kinamhusu yeye peke yake bila shaka yoyote. Katika maneno tunayoyachunguza "mimi" haipo. Aidha, neno "kula" linatumika mahali pengine katika kanda kama jina, kwa maana ya chakula: "kula iko kidogo", "kula ya Silon iko mzuri". Ni lazima nikiri kwamba neno "ingine" halisaidii upande wowote, maana katika Kikeya laweza kuwa mtu au kitu.

Hoja ya pili ni ya historia, nayo nimekwisha itaja. Kikosi chake kilikuwa cha miguu, na riziki yake ilitoka angani.

Hoja ya tatu imo katika kanda yenyewe. Dakika chache baadaye shangazi anauliza habari nyingine, kuhusu mishahara, naye babu hajibu. Kuna kimya kirefu, kuku wanasikika, kisha anasema: "Mimi nachimba kaburi. Unga ile sisi nakula." Maneno hayo hayamo katika daftari. Shangazi aliniambia kwamba aliyaacha kwa sababu hakuona yanahusu nini. Kwa hakika, katika usomaji wa daftari hayahusu kitu. Katika usomaji wa pili yanatimiza habari: gunia la unga lilimwangukia askari mwenzao, babu akamchimbia kaburi, na kwa kuwa walikuwa na njaa unga ule ukaliwa.

Ndipo tunapoona kazi iliyofanywa na kila hatua. Sarufi ya shule iliingiza nafsi ya kwanza mahali pasipokuwa na nafsi. Hapo akatokea babu anayeshuka na babu anayeua. Daftari likayapa maneno hayo heshima ya maandishi. Kisha ikaja tamthilia, ikampa babu huyo picha: ndege, mlango, giza, mwavuli ukifunguka. Bila tamthilia daftari lingebaki fumbo kidogo, na labda mtu angeuliza. Tamthilia ililifumbua fumbo kabla halijaulizwa. Na ni mimi niliyeileta nyumbani.

Haifai kuwalaumu watunzi wake. Wao walisimulia habari za watu wao, tena kwa kuwahoji wazee wenyewe. Lakini tamthilia ya vita haina budi kuchagua matendo, na tendo la gunia la unga kuua mtu wa upande wako halina nafasi nzuri katika umbo hilo. Halina adui, halina ushujaa, wala halina funzo.

7. Hitimisho

Nilimpelekea baba mkubwa kanda, si maelezo. Tuliisikiliza pamoja na shangazi. Nilimweleza habari za "na-" kama nilivyozieleza hapa, kwa adabu niliyoiweza, maana si jambo jepesi kumwondolea mzee ushujaa wa baba yake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha hakuuliza habari za mwavuli kabisa. Aliuliza kama yule mtu wa gunia ametajwa jina. Nikamjibu kwamba hakutajwa.

Nyota ya Burma ya babu tunayo, nayo pia haina jina, kwa kuwa nishani hizo za Uingereza kwa kawaida zilitolewa bila kuchorwa jina la mwenyewe. Jiwe la kaburi sasa lina jina lake, na chini yake maneno manne: "Askari wa Keya, Bama." Mwaka ni 1944. Baba mkubwa ndiye aliyependekeza iandikwe "Bama", kama mwenyewe alivyotamka, wala isisahihishwe.

Kwa upande wetu wanataaluma nina mapendekezo mawili. Kwanza, kanda za namna hii bado zimo majumbani, katika masanduku na juu ya makabati, na utepe wake unaharibika kila mwaka. Wasemaji wa Kikeya waliopigana katika vita hivyo karibu wote wamekwisha kufa, kwa hiyo kanda hizo ndizo zitakazobaki. Idara zetu za lugha zingefaa ziwatume wanafunzi, kila mmoja kwao, wakazitafute.

Pili, na hili ndilo kubwa, zinukuliwe kama zilivyosemwa. Tafsiri ya Kiswahili sanifu iwekwe kando ya maneno hayo, isiwekwe mahali pake. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kwamba Kikeya ni Kiswahili kibovu, na kwa kazi ya darasani huenda tuna haki. Lakini mwanahistoria anayesahihisha ushahidi wake huuharibu. Katika kisa hiki ukosefu wa kiambishi kimoja ndio uliotuonyesha kwamba babu hakuua mtu siku ile, bali alizika mtu.